Nyoka, kinyonga na ziwa lisilo na mwisho: tunayoyaamini kuhusu msitu wa Uporoto

Mtu wa Mbeya anaweza kukulia chini ya Mlima Loleza, akapita barabara ya Tukuyu kila mara kwenda msibani Kyela au kununua ndizi Kiwira, na asikanyage msituni hata siku moja. Muulize kwa nini, sababu atakuwa nazo tele: nyoka, majini, simba, gharama. Nyingi hazina ukweli. Na yule anayeamua kwenda anavaa yeboyebo, anaondoka mjini saa saba mchana, anabeba soda moja na simu yenye chaji nusu. Hapo ndipo ninapobishana na ndugu zangu. Tunaogopa visivyokuwepo, halafu vile vinavyoumiza watu kweli tunavifanyia mzaha.

Nitaitolea mfano zaidi njia ya kwenda Ziwa Ngozi, lililo ndani ya msitu huo wa Uporoto, kwa sababu ni fupi na haina shida kufikika. Unapanda kosta Nane Nane, unashuka Isongole, unapita mashamba ya viazi na pareto kwa miguu au kwa bodaboda mpaka ulipo ukingo wa msitu. Kutoka hapo ni mwendo wa saa moja hadi mbili kupanda, kutegemea mapafu yako, mpaka kileleni unapoliona ziwa likiwa chini kabisa ndani ya shimo la volkano. Mengi nitakayosema yanahusu pia Mlima Rungwe, Mufindi na misitu ya Kilolo.

"Hifadhi ni simba, na ni mambo ya wazungu"

Kosa la kwanza ni kudhani kila panapoitwa hifadhi ni kama Ruaha. Ruaha ni hifadhi ya taifa iliyo chini ya TANAPA, ina simba na tembo, na huruhusiwi kushuka garini ukajitembelea unavyotaka. Msitu wa Uporoto na Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Mlima Rungwe viko chini ya TFS, Wakala wa Huduma za Misitu, na humo watu hutembea kwa miguu. Wanyama utakaowaona au kuwasikia ni mbega, kima, ndege wengi, na ukiwa na bahati sana minde, yule paa mweusi wa msituni ambaye hapatikani nje ya Tanzania. Simba hana kazi kwenye msitu wa mianzi wenye baridi namna ile.

Kuhusu fedha, Mtanzania hulipa kwa shilingi, na kiwango chake ni kidogo kuliko cha mgeni kutoka nje. Malipo ya serikali siku hizi hupita kwenye kontrol namba, kwa hiyo mtu akikudai hela mkononi bila risiti, una haki ya kuuliza. Ila kuna upande wa pili ambao wenyeji hatupendi kuusikia: msitu wa hifadhi si wa kila mtu kuingia anavyojisikia. Kwa Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, kuingia na kukata au kuchukua kitu bila kibali ni kosa, hata kama babu yako alikuwa akikata fito mlemle.

"Msitu umejaa nyoka, na nyoka akikuona anakukimbiza"

Hii ndiyo mama yao wote. Shangazi yangu mmoja hawezi hata kusikia neno msitu bila kutaja nyoka, na yeye anaishi Kyela, penye joto, ambako nyoka ni wengi kuliko huko juu.

Nyoka hatengenezi joto la mwili kama sisi. Analipata juani na kwenye mawe yaliyopata moto. Kadiri unavyopanda, baridi inaongezeka na nyoka wanapungua. Sisemi hawapo. Milima hii ina hata nyoka wake aliyepewa jina la Rungwe: ni mdogo wa jamii ya vifutu, wa rangi ya kijani, anakaa vichakani na mitini, na wanasayansi walimwandika rasmi mwaka 1940. Lakini mtu anaweza kupita njia ya Ngozi mara nyingi asione hata mkia.

Kukimbiza nako ni hadithi. Nyoka hakuli, hawezi kukumeza, na sumu yake ni ya mawindo. Akiitumia kwako amepoteza. Anachofanya ni kuondoka. Hana masikio ya nje kama yetu, lakini anahisi mtikisiko wa ardhi, kwa hiyo ukitembea kwa miguu mizito kidogo anakupisha kabla hujamwona. Anayeuma watu wengi vijijini ni kifutu, na sababu ni kwamba yeye hategemei kukimbia. Anatulia kwenye majani makavu akitumaini hutamwona, nawe unamkanyaga. Dawa yake ni kuangalia unapoweka mguu, kutopeleka mkono nyuma ya gogo usiloliona upande wa pili, na kuvaa kitu kinachofunika kifundo cha mguu. Gambuti za wakulima wa viazi zinafaa sana kwa hili, ingawa zinateleza kwenye mteremko wa mawe.

Linalonitia hofu mimi ni yale tunayoyafanya baada ya mtu kuumwa. Tunafunga kamba juu ya jeraha mpaka mguu unabadilika rangi. Tunachanja kwa wembe. Tunanyonya. Halafu kuna jiwe jeusi, jiwe la nyoka, ambalo wengi tumelelewa tukiambiwa linang'ang'ania jeraha na kufyonza sumu. Jiwe hilo mara nyingi ni kipande cha mfupa uliochomwa, na linanata kwa sababu mfupa uliochomwa una vitundu vinavyovuta majimaji. Sumu ikishaingia kwenye nyama haivutwi na kitu chochote cha juu ya ngozi. Kwa nini basi watu wanaapa kuwa limewaponya? Kwa sababu nyoka wengi hawana sumu ya kumdhuru binadamu, na hata wenye sumu mara nyingine wanauma bila kuitoa. Mtu huyo angepona hata kama angewekewa kipande cha sabuni.

Fanya hivi: mtulize mgonjwa, vua pete, saa na viatu kabla hajavimba, funga kiungo kilichoumwa kwenye kijiti au ubao kisichezecheze, usimtembeze kama mnaweza kumbeba, mpeleke hospitali yenye sindano ya kuzuia sumu ya nyoka. Usifunge kamba ya kuzuia damu. Na msipoteze muda kumsaka nyoka ili mumbebe kama ushahidi, mwingine ataumwa.

"Kinyonga ana sumu, ni mkosi, na akizaa anapasuka tumbo"

Nimeona kijana mwenye kifua kipana akirudi nyuma hatua tano kwa ajili ya mnyama asiyefika urefu wa kiganja. Hakuna kinyonga mwenye sumu. Ukimkamata vibaya atakung'ata, na kung'atwa kwenyewe ni kama kubanwa na kibanio cha nguo.

Habari ya kupasuka tumbo inachekesha, lakini nadhani ninajua ilikotoka. Vinyonga wengi wa tambarare hutaga mayai ardhini. Huku milimani ardhi ni baridi, mayai yangechelewa au kuharibika, kwa hiyo baadhi ya vinyonga wa juu huhifadhi mayai tumboni mpaka watoto wakamilike, kisha wanawatoa wakiwa hai, kila mmoja kwenye utando mwembamba unaopasuka mara moja. Aliyewahi kumwona mama akidondosha vitoto vinavyotembea papo hapo, tena bila yai, si ajabu akasema tumbo limepasuka. Mama hafi. Anaendelea na safari yake, na watoto wanajitegemea tangu dakika ile.

Rangi nayo hatuielewi. Kinyonga hajibadilishi afanane na kila kitu alichokanyaga. Hubadilika kwa hasira, kwa woga, kwa joto na baridi, na kwa kutafuta jike. Asubuhi ya baridi utamkuta mweusimweusi, kwa sababu rangi nyeusi inavuta joto la jua. Uporoto na Rungwe wana kinyonga wao wa pembe tatu, aliyeandikwa rasmi mwaka 1900, na hapatikani kwingine duniani. Watu wanapanda ndege kuja kumwona. Sisi tunampiga fimbo.

"Ziwa halina mwisho, lina mnyama, na mlima ulishakufa"

Hadithi za Ngozi zinafahamika: nyoka mkubwa wa majini, ziwa linalomeza watu, hazina za Wajerumani zilizotupwa humo. Sina ugomvi na hadithi. Wazee wakizisimulia jioni nakaa na kusikiliza hadi mwisho, na ninaamini nyingine zilikuwa na kazi yake, kuwaweka watoto mbali na ukuta ule. Ila ziwa lina mwisho. Watafiti wamelipima, na kina chake hakifiki hata mita mia moja. Lina urefu wa kilomita 2.5 hivi na upana wa kilomita 1.6. Hakuna mto unaotoka humo juu ya ardhi, ndiyo maana watu hujiuliza maji yanaenda wapi. Maji yenyewe yana chumvi zinazopanda kutoka kwenye miamba ya moto iliyo chini, na eneo zima limekuwa likifanyiwa utafiti wa jotoardhi ili kupata umeme.

Hatari ya pale ni ukuta. Kutoka ukingoni hadi majini ni mteremko mkali wa udongo laini, na mvua ikipita unakuwa wa kuteleza moja kwa moja. Kila kundi lina kijana mmoja anayetaka kushuka akapige picha majini. Kushuka ni dakika chache. Kupanda ndiko kunakomtoa roho, na akivunjika mguu chini kule kumtoa kutahitaji watu wengi, kamba na mchana wote. Mwonekano mzuri uko juu.

Na mlima haujafa. Tunaiita Rungwe, Ngozi na Kyejo milima tu, lakini zote ni volkano, na kwa hesabu za wanajiolojia bado zinahesabiwa kuwa hai, zimelala. Rungwe ilitoa mlipuko mkubwa takriban miaka 4,000 iliyopita, majivu yake yakasambaa mbali. Ngozi ililipuka ndani ya miaka elfu moja hivi iliyopita. Kyejo ilitoa lava karibu na mwaka 1800, yaani babu wa babu zetu waliiona. Hilo lisikuzuie kwenda, kwa sababu volkano hutoa dalili kabla, na njia yenyewe haina moshi wala moto. Udongo mweusi unaokupa viazi na ndizi ni zawadi ya milipuko hiyohiyo.

Jambo moja la volkano linastahili tahadhari. Wilaya ya Rungwe inatoa gesi ya kaboni dioksaidi kutoka ardhini, ile ya kwenye soda, na huko Kyejo inavunwa kibiashara. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, haina rangi wala harufu, na hutuama kwenye mashimo na mabonde madogo pasipo na upepo. Ukikuta ndege au wadudu wamekufa kwenye shimo bila jeraha, si uchawi. Usiiname kuangalia, na mtoto asishuke humo.

"Njia fupi haihitaji maandalizi"

Hapa ndipo wenzetu wanapoumia. Hewa hupoa kwa takriban nusu nyuzi na zaidi kidogo kila unapopanda mita mia moja. Mbeya mjini ni mita 1,700 hivi, ukingo wa Ngozi unakaribia mita 2,600. Maana yake siku ambayo mjini unavaa fulana, juu kule ni baridi kwa nyuzi tano au sita zaidi, na bado hujahesabu upepo na ukungu. Mwezi wa sita na wa saba sihitaji kusema. Anayelala Uyole bila blanketi mbili anajua.

Wengine hujiamini kwa kuwa ni kiangazi. Kalenda ya Iringa mjini haitumiki Tukuyu. Iringa mvua zikikatika zimekatika. Upande wa kusini wa Rungwe hupokea zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, kwa sababu hewa yenye unyevu kutoka Ziwa Nyasa hupanda, ikagonga milima, ikapoa na kudondosha maji, hata kwenye miezi ambayo kwingine ni vumbi. Njia ya udongo wa volkano ikilowa inakuwa sabuni. Mufindi nako ukungu unaweza kuingia ukiwa unaona jua, na baada ya robo saa huoni mti ulio mbele yako.

Suruali ya jinzi na fulana ya pamba zikilowa hazikauki na zinanyonya joto la mwili. Sweta la sufu la mtumbani, koti la mvua hata la nailoni, na soksi za kubadilisha vinatosha. Havina gharama, sokoni Mwanjelwa unavipata vyote asubuhi moja.

Halafu kuna ile chupa ndogo ya kupasha mwili. Pombe kali hutanua mishipa ya damu iliyo karibu na ngozi, damu ya moto inakimbilia nje, unahisi joto. Joto hilo ndilo linalokutoka. Ndani unapoa haraka zaidi, na akili iliyokuwa ikuambie urudi imeshalegea. Mtu aliyelowa, anayetetemeka, kisha akaacha kutetemeka na kuanza kuongea ovyo, hajapona, anazidi kuzidiwa. Mvue nguo zilizolowa, mfunike, mpe chai ya moto yenye sukari kama anaweza kumeza, mteremsheni.

Muda nao unatuponza. Jua la huku linazama kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja jioni, lakini chini ya miti na mianzi giza huingia mapema. Aliyeanza kupanda saa nane anashuka gizani, kwenye utelezi, akimulika kwa simu. Na mawingu mara nyingi hufunika ziwa mchana, hivyo atakuwa amefika juu akaangalia ukungu. Ingia msituni saa mbili au tatu asubuhi.

Malaria, ambayo wengi wanaitaja pamoja na nyoka, ni shida ya Kyela na mabonde ya joto. Juu ya mita 2,000 mbu waenezao ni haba mno. Ogopa siafu zaidi: ukiona msururu wao njiani ruka, na ukishaumwa toka kwanza walipo ndipo uvue suruali. Watu husimama palepale wakijipangusa, huku wengine wanapanda.

"Ukipotea, fuata mto utakutoa"

Ushauri huu unaweza kufaa tambarare. Kwenye milima ya Rungwe mito hukatiza kwenye makorongo na kudondoka. Fikiria Kaporogwe, fikiria Kijungu na Daraja la Mungu kule mto Kiwira: hayo ndiyo mambo ambayo mito yetu hufanya. Anayefuata maji gizani anaweza kufika ukingoni mwa poromoko bila kujua.

Na kupotea kwenye njia fupi kunawezekana kabisa. Njia za wakata kuni na wavuna mianzi huchipuka pembeni, na zinaonekana zimekanyagwa vizuri kuliko ile halisi. Ukishtuka huoni njia, simama. Rudi mpaka pale ulipokuwa na uhakika. Kama hukumbuki, kaa, vaa kila ulicho nacho, piga filimbi au gonga gogo mara tatu tatu. Simu ipige mapema kungali na chaji. Ndani ya kreta, lile shimo la volkano, mtandao hupotea, na betri ikipata baridi huisha haraka. Kabla ya kuondoka mwambie mtu wa Isongole au wa nyumbani unarudi saa ngapi.

Mengine madogo madogo

Maji ya kijito cha mlimani ni meupe na ya baridi, na watu huyanywa kwa imani kwamba yamechujwa na mawe. Weupe hauondoi vijidudu. Juu ya pale ulipochota kunaweza kuwa na wanyama, au mwenzako aliyejisaidia. Beba yako ya kutoka nyumbani.

Mianzi yote si ya ulanzi. Wageni kutoka Iringa hufika Rungwe wakauliza mbona hawaigemi. Ulanzi hutoka kwenye mwanzi wa chini, unaopandwa mashambani Iringa na Njombe na kugemwa wakati wa mvua. Huu wa msitu wa juu ni aina nyingine, na ukiukata umeukata tu. Vilevile migomba pori uionayo njiani si shamba lililotelekezwa. Ni mmea wa asili. Ukipasua tunda lake utakuta mbegu nyeusi ngumu na karibu hakuna cha kula.

Maganda ya ndizi na machungwa "yataoza tu" ni kweli nusu. Kwenye baridi huchukua muda mrefu, na kima wakishazoea maganda wanaanza kuwafuata watu na mabegi yao.

"Kipunji aligunduliwa na wazungu, na ukienda utamwona"

Yote mawili hapana. Wawindaji wa Kinyakyusa walimjua kipunji, tumbili wa misitu ya huku, kabla ya utafiti wowote, na jina ni lao. Watafiti walisikia habari zake kwa wanavijiji, na mwanzoni hawakuwa na uhakika kama ni mnyama wa kweli au wa hadithi. Mwaka 2005 akaandikwa rasmi kama aina mpya kwa sayansi. Jambo la kupendeza ni kwamba kundi jingine la watafiti lilikuwa limemwona karibu wakati uleule katika msitu wa Ndundulu, upande wa Kilolo mkoani Iringa, bila wao kuambizana. Mwaka 2006 vipimo vya vinasaba vilionyesha ana undugu wa karibu na nyani kuliko na ngolaga, tumbili wa kundi walikomweka mwanzo, akapewa jenasi yake peke yake, Rungwecebus. Afrika haikuwa imepata jenasi mpya ya tumbili tangu mwaka 1923.

Hesabu iliyotolewa mwaka 2008 iliwakuta 1,117 tu, wote wakiwa Tanzania, Rungwe na Kitulo upande mmoja na Ndundulu upande mwingine. Wanakaa juu mitini, wanaogopa watu, na wana sababu: wamewindwa. Anayekuahidi kipunji kwenye matembezi ya saa mbili anakuuzia mbuzi kwenye gunia. Ukisikia mlio uliochanganya honi na kubweka, simama kimya. Hiyo peke yake ni bahati.

"Uyoga ulioliwa na konokono hauna sumu"

Mvua zikianza, akina mama hupanga uyoga kwenye sado kando ya barabara Mufindi na Chunya, na ni chakula kizuri mno. Wao wanajua wanachochuma. Tatizo ni mtu wa mjini anayeingia msituni na vipimo vya kuambiwa: ulioliwa na wadudu ni salama, ukichemsha na kitunguu kisipogeuka rangi ni salama, ukichemsha sana sumu inatoka. Hakuna hata kimoja kinachofanya kazi. Mwili wa konokono si wako. Sumu iliyo kwenye baadhi ya uyoga hatari zaidi duniani haivunjiki kwa kuchemsha, na dalili zake zinaanza saa nyingi baada ya kula. Mtu anatapika, anapata nafuu siku ya pili, anadhani yamekwisha, kumbe ini linaharibika.

Kuna jambo jingine ambalo hata bibi mjuzi linaweza kumpita. Elimu yake ni ya uyoga wa miombo. Misonobari ilipoletwa kutoka nje ilikuja na uyoga wake mizizini, kwa hiyo chini ya misonobari huota vitu ambavyo babu zetu hawakuwahi kuvila wala kuvikataa. Unaofanana na ule wa nyumbani si lazima uwe ule.

"Msitu ni msitu, miti ni miti"

Mara nyingi nasikia mtu akisema Mufindi kuna misitu mikubwa, akimaanisha Sao Hill. Sao Hill ni shamba la miti, kubwa kuliko mashamba yote ya miti ya serikali nchini. Msonobari wake mkuu asili yake ni Mexico, mikaratusi ni ya Australia. Si kitu kibaya. Mbao na nguzo za umeme zinatoka humo, na ni afadhali zitoke humo kuliko msituni. Lakini tembea nusu saa ndani ya misonobari, kisha tembea nusu saa kwenye msitu wa asili wa ukingo wa Mufindi, utasikia tofauti kwa masikio kabla ya macho. Kwenye misonobari ni sindano kavu chini na ukimya. Upande wa pili kuna ndege, vyura, mizizi, kuvu, mimea inayoota juu ya mimea.

Wanaosema kupanda mikaratusi kwenye chemchemi kutaongeza maji wanakosea zaidi. Mti unaokua haraka hivyo mwaka mzima unakunywa sana. Msitu wa asili wa juu unafanya kazi tofauti: majani na kuvumwani vinakamata ukungu na kuudondosha kama maji hata siku isiyo na mvua, na udongo wenye mboji unayaachia polepole kwenye vijito. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Pita bondeni kwetu uhesabu ni wangapi wanaifuata.

"Mwongozaji ni kupoteza hela, njia inaonekana"

Inaonekana mpaka isipoonekana. Lakini usalama si sababu pekee ya kumchukua. Peke yako utamwona mbega akiruka, basi. Kijana wa Isongole anayepita pale kila wiki atakuonyesha kinyonga aliye umbali wa mkono wako na ambaye ungempita, atakutajia mti kwa Kinyakyusa na kazi yake, na atajua kama ukungu wa leo utafunguka au mshuke. Patana bei mkiwa chini, hakikisha ametambulishwa na ofisi ya msitu au ya kijiji, na mlipe akiwa amekurudisha barabarani. Kosta za kurudi mjini huwa chache jioni inapoingia, na zinazopita zinakuwa zimejaa tangu Tukuyu.